Daftari la Mashine ni la Nani?

Hotuba iliyosomwa na fundi mmoja wa reli katika mkutano wa wanachama wakaao Mutuini, Waithaka na Dagoretti



Nimeombwa kusema juu ya jambo ambalo katibu wetu aliliandika katika tangazo kwa maneno marefu: "Kanuni za wazi za kubadilishana habari za mitambo." Nilipoliona ukutani nilicheka, kwa maana mimi nilisoma shule ya msingi ya misheni tu, na yaliyobaki nilifundishwa na spana. Lakini nilipouliza maana yake, niliona kwamba ni jambo ambalo nimekuwa nikigombana nalo tangu nilipoingia karakana, ila sikulijua jina lake. Basi nitalisema kifundi, na mwenye elimu kunizidi atanisahihisha nikimaliza.

Nianze na nati. Kila fundi aliyeketi hapa amewahi kushika bolti ya nusu inchi. Ile ya Kiingereza, ya Whitworth, ina nyuzi 12 katika inchi moja. Ile ya Kimarekani ina nyuzi 13. Ukiziweka juu ya meza utadhani ni ndugu wa tumbo moja. Ukichukua nati ya hii na kuifunga katika ile, inaingia mzunguko mmoja au miwili, kisha inakaza. Kijana asiye na subira huongeza bomba kwenye mkono wa spana, na hapo nyuzi zinakwisha, na bolti imeharibika.

Bwana Joseph Whitworth wa Uingereza alitoa kipimo chake mwaka wa 1841. Kabla ya hapo kila kiwanda kilikata nyuzi kama kilivyopenda. Mwaka wa 1864 Bwana William Sellers wa Philadelphia akawapa Wamarekani kipimo chao, pembe ya uzi ikiwa digrii 60, wala si 55 kama ya Whitworth. Kila mmoja alikuwa na haki nyumbani kwake. Taabu ilikuja wakati wa Vita Kuu ya Pili, mataifa haya yalipopigana upande mmoja na kuona kwamba nati za hawa hazifai katika mashine za wale. Mwaka wa 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zikatia sahihi mapatano ya uzi mmoja. Yaani ilichukua miaka mia moja na saba, na vita, kupatanisha nati.

Sasa habari za mashine nazo zina uzi wake. Injini ya siku hizi ina kompyuta ndani yake, nayo huandika joto la oili, mwendo, umeme wa mota, na makosa yaliyotokea. Karakana nayo ina kompyuta yake ya kadi za kazi. Stoo ina yake ya vipuri. Ofisi ya hesabu ina yake ya mali. Kompyuta hizi nne zikiwa zimenunuliwa kwa watu wanne, kila moja ikikata uzi wake, hazifungani. Hapo huwekwa karani katikati, asome katika kioo kimoja na kupiga chapa katika kingine, na kila siku nambari moja au mbili zinageuka njiani.

Nitawasimulia habari moja. Mahali sitapataja, wala mwenye kazi sitamtaja, kwa maana shauri lile lilikwisha. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa katika kazi ya mkataba, mimi na mwenzangu. Ikaletwa kutoka stoo mota ya kuvuta, ile ilalayo kati ya magurudumu na kuzungusha ekseli. Ilikuwa imepakwa rangi mpya, nayo ilifungwa kipande cha karatasi kilichosema "imetengenezwa." Mwenzangu akaifunga katika injini kama ilivyo desturi, akaijaribu, ikazunguka vizuri, akatia sahihi yake.

Usiku wa tatu injini ikiwa mlimani na mabehewa nyuma yake, beringi ya mota ile iliungua. Ekseli ikakwama, magurudumu yakaburutwa juu ya reli bila kuzunguka, mpaka yakalika upande mmoja. Mwenzangu akaamshwa usiku ule, akapelekwa kwa gari, akaifungue gizani. Grisi iliyochemka ikamrukia mkono wa kulia. Ngozi ilipona, lakini vidole viwili havikunji vizuri mpaka leo. Baada ya wiki mbili, mkono ukiwa bado umefungwa kitambaa, alipewa barua: ati aliifunga mota vibaya, na gharama zitakatwa kidogo kidogo katika mshahara wake.

Tukauliza, mota hii ilitoka wapi? Karani wa stoo hakujua. Daftari la injini lilisema kwamba injini ile ina mota sita, zote nzima, basi. Habari za kila mota peke yake zilikuwa ndani ya programu iliyoletwa na wenye mkataba wa kwanza, na kibali cha programu kilikuwa kimekwisha siku mkataba wao ulipokwisha. Kompyuta yenyewe ilikuwapo, imewekwa mezani, imefunikwa kitambaa kama maiti. Ukiiwasha inakuuliza neno la siri na tarehe ya malipo. Habari zilikuwa zetu, mota ilikuwa yetu, mkono ulioungua ulikuwa wetu, lakini hatukuweza kusoma.

Aliyetusaidia ni mzee mmoja aliyekaribia kustaafu. Alikuwa na daftari la shule, la mistari, ambamo kwa miaka mingi aliandika kwa penseli nambari ya kila mota iliyopita mikononi mwake. Humo tuliikuta mota yetu. Mwaka uliotangulia ilikuwa imefunguliwa katika injini nyingine kabisa, na mbele ya nambari yake pameandikwa herufi moja: K. Mwanasheria wa upande wa pili akasema K ni "kukazwa," yaani bolti zilikazwa na mota ikawa nzima. Sisi tukasema K ni "kukwama." Mzee alipoulizwa alifikiri kitambo, akasema wakati mwingine ni hivi na wakati mwingine ni vile. Mungu anisamehe, siku ile nilitamani kumnyang'anya miwani.

Karibu miezi mitatu ilipita kabla ya pesa kulipwa kwa wenye programu. Ikafunguliwa kwa siku moja tu, na humo pameandikwa waziwazi kwamba mota ile iliondolewa katika injini ya kwanza kwa sababu ya joto la beringi. Barua ikafutwa. Katika pesa zilizokatwa, nusu ilirudishwa, na nusu nyingine chama kingali kinaidai.

Nimeikumbuka habari hii mara nyingi, na naona ina makosa mawili ndani yake, si moja.

Kosa la kwanza ni kuchanganya kiti na mtu. Fikirini behewa la abiria. Kiti nambari 14 kipo kila siku, lakini leo amekaa Kamau na kesho amekaa Otieno. Kama daktari ataandika "kiti nambari 14 kina kikohozi," Kamau atashuka na kikohozi chake, na Otieno atapewa dawa bure. Injini ina viti sita vya mota. Mota hutolewa hapa na kuwekwa pale, hupelekwa stoo, hupakwa rangi, hurudi katika injini nyingine. Daftari likiandika habari chini ya injini peke yake, ugonjwa hupotea mota inapohama. Sharti pawe na kurasa mbili: ukurasa wa mahali, na ukurasa wa kitu chenyewe pamoja na nambari yake ya kiwandani, na tarehe ya kuingia na kutoka.

Nilidhani hili ni wazo langu mwenyewe, kumbe wenzetu wamekwisha kuliandika. Liko shirika la Marekani lisilotafuta faida, liitwalo MIMOSA, ambalo kazi yake ni kutunga kanuni za wazi za kubadilishana habari za mitambo, na viwanda vinaweza kuzitumia bila kulipa ada. Katika kanuni zake mahali pa kitu na kitu chenyewe vimetenganishwa tangu mwanzo. Programu mbili zikizifuata, moja ikisema "mota hii imehama," ya pili inajua ni mota gani, imetoka kiti gani, na imeingia kiti gani, bila karani kupiga chapa mara ya pili.

Kosa la pili ni la mzee wetu na herufi yake K. Kuandika hakutoshi kama hatujapatana maana ya tunayoandika. Wenzetu wa mafuta ya petroli wana kitabu chao, ISO 14224, ambacho kinagawa mitambo yao katika aina na kuyapa makosa majina mafupi yanayojulikana na wote. Joto lililopita kiasi huandikwa OHE. Mtetemo ni VIB. Mtambo uliokataa kuwaka ulipotakiwa ni FTS. Fundi wa Norwe akiandika OHE, fundi wa Nigeria hahitaji mwanasheria kumweleza. Kama mzee angekuwa na herufi tatu zilizopatanwa badala ya moja ya kichwani mwake, mwenzangu asingengoja miezi ile yote.

Ndugu zangu, msidhani mambo haya ni mageni katika reli yetu. Mwaka wa 1948 reli ya Kenya na Uganda iliunganishwa na ile ya Tanganyika, zikawa East African Railways and Harbours. Kila upande ulikuja na injini zake na majina yake. Upande huu walikuwa wakisema EC3, upande ule wakisema GB, na zote mbili ni Garratt. Wakubwa wa wakati ule wakatoa nambari mpya kwa injini zote, tarakimu mbili za kwanza zikiwa aina ya injini na zinazofuata zikiwa nambari yake. EC3 zikawa aina ya 57, na GB zikawa aina ya 53. Tangu hapo karani wa Tabora akisoma nambari katika simu ya Nairobi, alijua ni injini gani, boila gani, na vipuri gani. Zile kubwa za aina ya 59, zilizotengenezwa na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka wa 1955 na 1956, zilikuwa 34, kutoka 5901 mpaka 5934. Nendeni katika jumba la makumbusho ya reli pale mjini mwitazame 5918, nambari yake ingali ubavuni. Mwaka wa 1977 shirika lile lilipovunjika, injini za dizeli ziligawanywa kati ya nchi tatu, lakini kwetu mpango wa nambari uliendelea. Tumefanya kazi na 87 za English Electric, na 92 za Montreal, na 93 na 94 za General Electric, na hakuna fundi aliyeona mpango ule kuwa wa kigeni. Huo ni uzi mmoja. Ulikatwa kwa wino na karatasi kabla ya kompyuta kufika.

Lakini nambari ubavuni ni jina tu. Historia ya injini ni jambo kubwa zaidi, na hapo ndipo wenye kufanya biashara hutushinda. Hesabuni mikono ambayo injini moja imeweza kupita. Ilikuwa ya shirika la Afrika Mashariki, kisha ya Kenya Railways. Mwaka wa 2006 reli ya Kenya na ya Uganda zikakodishwa kwa Rift Valley Railways, na ukodishaji huo ukakatizwa Kenya mwaka wa 2017. Injini ikarudi Kenya Railways. Kila makabidhiano chuma huhesabiwa kwa macho: injini hii, behewa lile, mashine ya kukereza ile. Habari za chuma hazihesabiki kwa macho. Mtu aweza kukukabidhi injini iking'aa, na ugonjwa wake wa miaka kumi akauacha ndani ya programu ambayo huna ufunguo wake, na ukatia sahihi kwamba umepokea kila kitu.

Mwaka ule ule wa 2017, tarehe 31 Mei, treni ya abiria ya reli mpya kutoka Mombasa ilizinduliwa. Reli ile ina upana wa milimita 1435, na hii yetu ya zamani, ipitayo Kibera, Dagoretti na Kikuyu, ina milimita 1000. Kila mtoto wa Mutuini anaweza kueleza kwa nini gari la hii haliwezi kupita juu ya ile. Injini za reli mpya zilitoka Uchina. Mwaka wa 2020 yakaja magari ya abiria ya mjini yaliyokuwa yametumika Mallorca, Hispania, nayo yakatufaa kwa kuwa kule nako reli ni ya mita moja. Basi leo tuna chuma cha Mwingereza, cha Mkanada, cha Mmarekani, cha Mchina na cha Mhispania, na kila kiwanda kina desturi yake ya kuita vitu na kuandika habari. Upana wa reli tunauona. Upana wa habari hauonekani, na kwa hiyo hakuna anayeuuliza wakati wa kununua.

Ulaya wameanza kuuliza. Mabehewa yao ya mizigo yana nambari ya tarakimu 12, na ile ya mwisho hupatikana kwa kuhesabu kumi na moja za kwanza, hata karani akikosea tarakimu moja hesabu inakataa. Tangu mwaka wa 2002 wako pia watu wa railML, wanaotunga lugha moja ya wazi ya kubadilishana habari za njia, za ratiba na za magari. Hizo ni reli tajiri, lakini zilichoka kulipa mtu wa kutafsiri kati ya kila programu na mwenzake. Maskini ana sababu kubwa zaidi ya kuchoka.

Juu ya beringi, iko kanuni nyingine, ISO 13374, ambayo sehemu yake ya kwanza ilitolewa mwaka wa 2003. Inagawa kazi ya kuchunguza mashine katika hatua sita: kupokea kipimo, kukitengeneza kisomeke, kutambua kama hali si ya kawaida, kupima afya, kukisia mashine itaishi muda gani, na kutoa shauri la kufanya. Fundi mwenye sikio hufanya zote sita akipita kando ya injini na sigara mdomoni. Kompyuta huzifanya moja moja. Kanuni ikifuatwa, kipimajoto chaweza kununuliwa kwa mtu huyu na programu ya kukisia kwa mtu yule, na mlango wa kati ukafungana. Isipofuatwa, ukinunua kipimajoto umeoa ukoo mzima.

Neno "wazi" limewatia hofu wengine. Halina maana kwamba kila mpita njia atasoma habari za injini zetu. Maana yake ni kwamba kipimo cha uzi kimechapishwa na kila fundi aweza kukata bolti yake. Nyumba itakuwa na kufuli, ila ufunguo uwe wa mwenye nyumba. Tena msidhani wazi ni bure kila mara: vitabu vya ISO huuzwa, na bei yake si ya mtu wa mshahara wetu. Hilo mimi naliona si haki, lakini shirika laweza kununua nakala moja, ikawekwa mahali ambapo fundi anaweza kuifikia.

Ndugu mmoja aliniuliza Jumapili, tukitoka kanisani, "Kompyuta zikielewana zenyewe, tutabaki na kazi gani?" Sitamdanganya. Kazi ya kunakili kutoka kioo hiki hadi kile itapungua, na baadhi ya makarani wetu ndiyo wanayoifanya leo. Kwa hiyo kabla ya mpango wowote kama huo kuanza, sharti chama kikae mezani na wakubwa, na makarani wale wafundishwe kulinda na kusahihisha daftari jipya, kwa maana hakuna anayejua makosa yake kuliko wao. Jambo la pili linanitisha zaidi. Habari zikikusanyika mahali pamoja, mkubwa aweza kuzigeuza rungu: fundi fulani alichukua dakika ngapi, sahihi ya nani iko hapa. Daftari la mashine lisifanywe daftari la makosa ya watu. Mwenzangu aliokolewa na habari, lakini habari hizo hizo zikishikwa na upande mmoja tu zingemfukuza.

Ninalotaka tulidai ni dogo. Kila mkataba wa kununua injini au magari, kukodisha, au kutengeneza, uwe na kifungu kisemacho kwamba habari zote za mashine ni mali ya reli tangu siku ya kwanza. Zikabidhiwe katika kanuni iliyochapishwa, kila kifaa kikubwa kikiwa na ukurasa wake mbali na ukurasa wa kiti chake. Zisomeke bila kibali cha muuzaji hata akiwa amekwisha kuondoka, na makabidhiano yasitiwe sahihi mpaka zimefunguliwa na kusomwa mbele ya watu. Na mfanyakazi aliyepewa barua ya kosa, yeye na mwakilishi wake wawe na haki ya kuzisoma habari za mashine iliyomletea barua hiyo, zote, kabla ya senti moja kukatwa.

Wahandisi wengine watasema hili si jambo la chama, ni la ofisi ya ununuzi. Nami nitawauliza mkono ulioungua ulikuwa wa ofisi gani.

Azimio nimeliandika, liko kwa katibu, ukurasa mmoja. Mwenzangu niliyemsimulia yuko hapa, ameketi karibu na dirisha, na aliniruhusu kusema habari zake. Yeye ndiye atakayelileta azimio, nami nitaliunga mkono. Bwana Mwenyekiti, mpe nafasi.